Sadaka kwa kipaza sauti, deni kwa siri

Katika jiji hili tunatoa sadaka mbele ya watu na kukopa mafichoni. Vitabu viwili ninavyovifahamu, kile tunachosomewa kanisani Kangemi na kile wanachosomewa jirani zangu msikitini, vinaagiza kinyume cha hayo. Nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya shida za pesa za mtaani kwetu huanzia hapo, wala haianzii kwenye kutojua hesabu kama tunavyoambiwa.

Nasema hivi kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni wakala wa M-Pesa. Kibanda changu kiko upande wa soko la Kangemi, karibu na steji ya Waiyaki Way. Kabla ya kibanda nilikuwa karani wa malipo katika ofisi moja ya katikati ya jiji. Kanisani mimi ni mweka hazina wa jumuiya, cheo ambacho hakuna anayekigombea. Wakala huona mengi asiyopaswa kuyasimulia, kwa hiyo hapa hamna jina la mteja, na mambo machache nimeyavuruga makusudi ili hata mhusika asijitambue.

Njoo tarehe 5 ya mwezi. Mishahara ya mayaya wa Lavington, masoja wa Loresho na watunza bustani wa Mountain View imeingia, na foleni inafika kwa kinyozi. Mtu ananipa noti ya 1,000 nimwekee kwenye laini. Ujumbe unalia, anausoma, anausoma tena, kisha ananigeuzia simu: "Mathe, mbona salio ni mia tatu na kitu?" Pesa zake zimeingia zote, ila Fuliza imechukua yake kwanza. Huduma hiyo ilianza Januari 2019. Ukilipia kitu na salio halitoshi, inakujazia; pesa yoyote ikiingia kwenye laini, inajilipa kabla hujaigusa. Anayeshtuka si mjinga. Alijaziwa 200 Jumanne akiwa dukani, 150 Alhamisi akiwa ndani ya matatu, 300 Jumamosi usiku, na hata moja kati ya hizo hakuihesabu kuwa deni.

Wataalamu watasema mtu huyu afundishwe kupanga bajeti. Semina za aina hiyo zimejaa katika hoteli za Westlands, nyingine zikiwa na aya ya Biblia kwenye kadi ya mwaliko. Mkufunzi anachora duara, analigawa: kipande cha zaka, kipande cha akiba, kipande cha matumizi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kilipandishwa Novemba 2024 hadi takriban shilingi 16,000, na si waajiri wote wanaokifikia. Haya, ligawe hilo duara. Isitoshe, wateja wangu wanajua hesabu kunishinda. Mama mboga atakuambia, bila kalamu, atapata faida gani kwenye gunia la sukuma wiki likianza kugeuka manjano Jumatano.

Kinachowashinda ni kitu kingine. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa 1,000 hiyo ni shilingi 75. Shilingi 75 hazimtishi mtu. Ni nauli ya kwenda mjini mvua ikinyesha. Lakini anayekopa, akalipa, akakopa tena hivyo hivyo mwaka mzima atakuwa ametoa shilingi 900 kwa kuizungusha 1,000 ile ile. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa na Rais William Ruto tarehe 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Bado nawaona watu wakiiacha hiyo ya bei nafuu ilale bila kulipwa na kukimbilia kulipa ile ya ghali, kwa kuwa ya ghali ndiyo itakayowafungulia mkopo mwingine jioni ile ile. Mtu anayefanya hivyo hajakosea kujumlisha. Anakimbizana na jioni.

Kabla ya simu, ukitaka 500 ulilazimika kumwendea mtu. Ulivaa viatu, ukafika, ukasalimia, ukauliza habari za watoto, ukazunguka mbuyu, ndipo ukataja shida. Njiani ulipata nafasi ya kugundua kwamba shida yenyewe inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Na ukishapewa, ulipita mbele ya duka la mtu huyo kila asubuhi. Sasa unakopa ukiwa kitandani, taa imezimwa, mwenzako amegeukia ukutani. Sekunde chache, na hakuna binadamu aliyekuona.

Aliyenionyesha kwamba dini ililiona jambo hili zamani ni mzee mmoja muuza vitambaa wa Biashara Street. Ofisi yetu ilinunua kwake vitambaa vya sare, na mimi ndiye niliyempelekea hundi. Ijumaa alifunga duka akaenda Jamia, ule msikiti uliojengwa kati ya 1925 na 1933 na ambao leo umezungukwa na maduka pande zote, akarudi mwendo wa saa nane. Siku moja nilimkuta akiandika deni katika daftari la jalada jeusi. Mkopaji alikuwa mpwa wake, kijana aliyelelewa nyumbani kwake, na pesa zenyewe zilikuwa elfu chache tu. Kulikuwa na mashahidi wawili, mmoja akiwa mpagazi wa mkokoteni aliyeitwa kutoka barabarani. Nikamuuliza, "Mzee, kwani humwamini mpwa wako?" Naye akaniuliza kama najua aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu nini. Nilidhani swala, au pepo. Inahusu deni: liandikwe, muda wake utajwe, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuliandika hata likiwa dogo. Iko katika sura ya pili, aya ya 282. Alipokwisha kunieleza akashika kipimo chake, akaendelea kumkatia mteja kitambaa.

Hata likiwa dogo. Kipengele hicho hunijia kila mtu anaponigeuzia simu yake dirishani.

Ploti yetu ina wapangaji wa dini zote, kwa hiyo nimehudhuria mazishi ya Waislamu katika makaburi ya Kariokor zaidi ya mara moja. Hapo msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu aje kwetu. Hadithi zilizokusanywa na Bukhari zinasimulia kwamba Mtume Muhammad aliletewa maiti ya mtu mwenye deni, naye hakumswalia mpaka sahaba wake Abu Qatada alipojitwika deni lile. Kwetu Wakristo, kamati ya mazishi hukutana jioni baada ya jioni. Tunahesabu jeneza, basi, hema, sahani na soda za wageni, na swali la nani anamdai marehemu halimtoki mtu kinywani. Mjane hulipata jibu mwenyewe siku anapoiwasha laini ya marehemu.

Biblia haijanyamaza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inataka madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Nehemia, katika sura ya 5, aliitisha mkutano mkubwa akawakemea wakuu waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba, na aliwakemea mbele ya watu wote. Papa Benedikto wa XIV aliandika waraka mzima juu ya riba mwaka 1745. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na mahubiri juu ya Nehemia 5 sijapata kuyasikia. Malaki 3, ile ya zaka, naijua kwa kichwa.

Hapo ndipo kipaza sauti kinapoingia. Yesu, katika Mathayo 6, anataka mtoaji atoe kwa siri kiasi kwamba hata mkono wake wa pili usipate habari. Kurani, aya 11 tu kabla ya ile ya deni, inasema kutoa hadharani ni jambo jema, lakini kuwapa maskini kwa siri ni bora zaidi. Sisi je? Harambee ya kujenga nyumba ya padre inaendeshwa na mtu wa kupasha moto ukumbi. Anaanza, "Nani yuko na elfu kumi?" Wanasimama watatu, makofi. Anashuka hadi elfu tano, mbili, moja, mia tano, na wewe bado umekaa, na mtoto wako anakutazama. Jumatatu mimi niko dirishani, na najua nani alisimama kwa deni.

Tangu makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nambari ya Paybill imebandikwa ukutani karibu na altare na haijabanduliwa. Sina ugomvi na nambari yenyewe. Lakini Fuliza hulipia Paybill, na kwa hiyo leo mtu anaweza kumtolea Mungu pesa asizokuwa nazo kwa kubonyeza mara moja, kisha zikaanza kudaiwa ada kwa jina lake. Nchi nzima inaikumbuka "mbegu ya 310", shilingi 310 zilizotumwa kwa simu ili mtu aombewe, mpaka wanahabari wa KTN walipoufichua mchezo huo Novemba 2014. Tulicheka sana. Mbegu za heshima, zile za makanisa yetu yenye viti vya mbao ngumu na kwaya iliyovaa majoho, hazichekwi na mtu.

Sifa nizitoe panapostahili. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alizikataa pesa alizotoa Rais Ruto katika kanisa Katoliki la Soweto, akaagiza zirudishwe. Kanisa linaloweza kumrudishia rais pesa zake linaweza pia kumwambia yaya wa Lavington: usitoe za kukopa, kaa chini, hakuna atakayekuhesabu.

Kuna atakayeniuliza kama nataka watu waaibishwe kwa madeni yao. Hiyo tumeionja. Kabla sheria haijakazwa, programu za mikopo zilikuwa zikichukua majina yote kwenye simu yako na kumpigia mwajiri, mama mkwe, hata mchungaji. Benki Kuu ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali kwa sheria ya Desemba 2021 na kanuni za 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya nambari za watu waliotumiwa vitisho juu ya madeni yasiyowahusu. Mtu anayepigiwa simu namna hiyo ni shahidi aliyeburutwa baada ya jambo kuharibika. Ninayemtaka mimi unamchagua mwenyewe, na unamchagua kabla.

Na siri ina kazi yake. Wanawake wanalijua hilo kuliko mwanauchumi yeyote. Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti wao uliochapishwa 2016, walikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini uliokithiri, na walioinuka zaidi ni wanawake, ambao wengi waliacha kutegemea shamba wakaingia biashara. Mimi sishangai. Pesa zikiwa kwenye leso au chini ya godoro, zina wenyewe wengi: mume, shemeji, binamu aliyefika jana kutoka Kakamega. Zikiwa kwenye laini yenye nambari ya siri, zina mwenyewe mmoja.

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya miongoni mwa wanachama wa vyama vya mzunguko, wakalichapisha 2013. Baadhi ya watu walipewa sanduku la chuma, kufuli na ufunguo wake. Wengine walipewa sanduku hilo hilo, lakini ufunguo ukawekwa kwa afisa wa mradi, wasiufikie mpaka watimize lengo. Ungetarajia sanduku gumu lishinde. Kwa mambo ya kinga ya afya, kama vyandarua, lililosaidia ni lile ambalo mtu alishika ufunguo wake mwenyewe, kwa kuwa watu wanaogopa kufungia pesa ambazo mtoto akiugua kesho watazihitaji. Sanduku lenyewe halizuii kitu, unaweza kulifungua saa yoyote. Linampa mwenye nyumba jibu la kumpa shemeji: pesa hizo zina kazi. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa wale waliochanga chungu cha pembeni ndani ya chama chao, cha afya peke yake.

Jaribio jingine lilifanyika Kibera, kwa wanachama wa mpango wa pensheni wa Mbao, ule wa kuweka shilingi 20 kwa siku. Watu walipewa sarafu kubwa ya rangi ya dhahabu yenye nambari za wiki. Kila wiki unakwaruza nambari moja, kwa namna moja kama umeweka akiba na kwa namna nyingine kama hukuweka, na sarafu inakaa nyumbani. Waliokuwa nayo waliweka karibu mara mbili ya wasiokuwa na kitu. Hata wale walioahidiwa nyongeza ya fedha juu ya akiba yao hawakuifikia sarafu. Ninachoipendea ni kwamba haikumwambia mtu yeyote una shilingi ngapi. Ilionyesha tu kama wiki hii ulikumbuka, na walioiona ni watu wa nyumba yako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kiasi cha akiba kifichwe, kiasi cha sadaka kifichwe, na deni, hata la 200, liwe na mtu mmoja mwingine anayelijua.

Hatari kubwa ya msimamo huu ni watumishi wa Mungu wenyewe. Ukisema dini iwe shahidi wa pesa za watu, wapo wanaosikia: tuleteeni. Mwaka 2006 na 2007 Kenya ilijaa mipango ya piramidi, na mmoja wa mikubwa ulikuwa DECI, ulioendeshwa na watu wa kanisa na kupigiwa debe na wachungaji. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kiliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika mipango ya namna hiyo. DECI ilivuka hadi Tanzania. Huko watu walipanga foleni "kupanda mbegu" na kungoja "kuvuna", mpaka serikali ilipoufunga mpango huo 2009, na viongozi wake, wachungaji, wakatiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Kwetu haikuchukua muda mrefu tukarudi pale pale: Ekeza Sacco, iliyoanzishwa na mhubiri wa Thika, iliingia matatani 2018 na kuacha wanachama wakidai akiba zao.

Walioingia katika mipango hiyo hawakuwa wamelewa tamaa peke yake. Walimwona mchungaji mbele, wakaona jirani amevuna, wakajiambia kwamba jambo hili lina mashahidi. Kilichokosekana ni daftari. Hakuna aliyeonyeshwa pesa zinatoka wapi. Na wasiokuwa na msalaba mlangoni wanaweza kufanya vivyo hivyo: ukaguzi wa PwC katika KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo, ulibaini hasara ya shilingi bilioni 13.3. Shahidi asiyefunguliwa daftari ni mpiga debe tu, awe amevaa joho au tai.

Kwa hiyo sisi wa jumuiya tulianza kwa udogo. Ni katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, hapa Kangemi, ambako Papa Fransisko alifika tarehe 27 Novemba 2015 akasifu hekima ya mitaa kama yetu na maadili ambayo hayana bei kwenye soko la hisa. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka, kisha tukarudi kwenye jumuiya kuendelea kuwasoma majina wasiolipa michango. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, ni majirani wachache wanaokutana kusali nyumbani kwa mmoja wao. Wanajua nani ana mgonjwa na nani amefukuzwa kazi. Kama kuna mahali shahidi anaweza kupatikana bila kuajiriwa, ni hapo.

Tulichokubaliana ni kifupi. Anayetaka kukopa kwa simu zaidi ya 1,000 anamwambia mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, kisha analala usiku mmoja kabla ya kubonyeza. Haombi ruhusa. Anayeambiwa hana haki ya kukataza, wala ya kuhubiri, wala ya kupeleka habari kwa mwenyekiti. Hatii sahihi mahali popote. Jambo hilo la mwisho nililisimamia kwa nguvu, kwa kuwa kitabu cha Mithali kinaonya zaidi ya mara moja juu ya kuwa mdhamini wa mwenzako, na nilipokuwa karani niliwaona walimu na madereva wakikatwa mshahara kwa mikopo ya sacco iliyoliwa na watu waliohamia mji mwingine. Mdhamini hulipa. Shahidi hujua tu.

Haikufanya kazi kwa kila mtu. Fundi mmoja wa mjengo alimwambia shahidi wake kwamba mikopo yote ni ya karo, kumbe ni ya Aviator, ile kamari ya ndege. Serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025; fundi wetu hakuhitaji tangazo, mchezo ulikuwa tayari mfukoni mwake. Amepunguza baada ya mkewe kuambiwa, tena na yeye mwenyewe. Wengine, hasa kina mama, wananiambia kwamba ugumu uko kwenye kutamka. Ukishasema kwa sauti, "Nataka kukopa 2,000 ninunue nguo za ubatizo," unajisikia unavyosikika. Wapo wanaosema na bado wanakopa, na mara nyingi wako sawa: mtoto ana homa, dawa ni 600, na deni ndilo jibu. Hao ninawawekea pesa bila neno.

Kwa mapadre, wachungaji na maimamu wa Kangemi, Kawangware, Westlands na mjini, nina maombi matatu yasiyohitaji kamati. Acheni kusoma kiasi alichotoa kila mtu. Semeni waziwazi, mara moja kila mwezi, kwamba sadaka ya kukopa haitakiwi. Na hesabu za parokia au msikiti zibandikwe mlangoni, zote, pamoja na zile za nyumba ya padre. Mkiyafanya haya, ndipo mtakuwa na uso wa kuwauliza waumini kuhusu madeni yao.

Kwako msomaji: jioni hii andika madeni yako yote ya simu kwenye karatasi moja, hata ya shilingi 50, na umpe mtu mmoja unayemwamini aisome. Ukishalipa la Fuliza na ukaona huitaki tena, unaweza kujiondoa kwa kubonyeza *234#. Wateja wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo. Nawaonyesha dirishani, bila malipo.